Bahasha Haifungi

Maji ya kanjo huja Jumanne, saa kumi alfajiri,
na sisi wa orofa ya nne hupata mabaki.
Ndiyo maana napima kwa kijiko:
vijiko viwili vya kadi, mengine ya ugali.

Kalamu zangu za rangi ya maji ni kumi na mbili,
nilizinunua River Road kwa muuza vitabu vya risiti.
Ya kijani ilikauka kabla ya Krismasi.
Ya waridi huandika ikitaka yenyewe.

Napaka rangi juu ya kifuniko cha kopo la siagi,
bluu, kisha zambarau, kisha bluu tena,
nanyunyiza maji, zinaanza kutambaa,
zinapigana vikumbo,
ndipo nalaza karatasi kifudifudi
na kuhesabu hadi kumi na tano.
Ukiinua mapema, madoadoa.
Ukichelewa, matope.

Julai haina huruma na kazi hii.
Baridi ya Umoja hukaa ndani ya karatasi.
Naanika kadi jikoni, baina ya soksi za Musembi,
na asubuhi bado zinanata vidoleni.
Siku nyingine nazipiga pasi, stima ikikubali.

Nekoye, muuza mayai wa getini, alipanda ngazi
na trei tupu kwapani.
"Nitengenezee moja. Ya dada yangu Khavere, yuko Ruaka."
Ya kuzaliwa? nikauliza. Ya harusi?
Akazitazama soksi.
"Ya cherehani," akasema.

Habari niliipata vipande vipande,
kama kitambaa kabla ya kushonwa:
mama amekufa, cherehani moja, mabinti wawili,
maneno yakasemwa siku ya tatu ya matanga
mbele ya wageni na masufuria.
Miaka sita sasa.
Na cherehani yenyewe inaota kutu kwa shangazi.

"Usiandike kitu ndani," akanionya.
"Maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa.
Weka rangi ya gauni aliloliacha mama kwenye sindano.
Zambarau. Lakini si zambarau mpya.
Ya kufuliwa."

Zambarau ya kufuliwa!
Siku hiyo vijiko vilipita kumi, tukala mkate.
Niliharibu kadi saba.
Ya nane ikageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Maua nayakata kwenye daftari kuukuu za Musembi;
ukichungulia ndani utaona saba mara nane,
na kosa lililopigwa wino mwekundu.
Nakata duara linalojizungusha kama ganda la konokono,
nakunja kwa kijiti cha meno, kutoka nje kwenda ndani,
nalegeza kidogo lipumue,
tone la gundi, kidole gumba, subira.
Kisha jani la kijani. Hapana, kijani ilikauka.
Jani la bluu, basi.

Alipokuja kuichukua alikuwa na bahasha,
anwani tayari, jina la ofisi ya vifurushi tayari,
shilingi mia mbili kwenye pindo la leso.
Akaingiza kadi. Ua likagoma.
Akageuza, akasukuma kona, akabonyeza.
Bahasha haifungi.
"Wataliponda njiani," nikasema.
"Lipunguze."
"Likipungua si ua tena."

Kimya. Huko chini mteja alikuwa akiita: mayai! mayai!
Nekoye akaivua leso kiunoni,
akaifunga kadi ndani yake, bila kukaza,
kama anayebeba kifaranga.
"Nauli ya Ruaka," akauliza, "siku hizi ni ngapi?"

Sijui walisemezana nini, kama walisemezana.
Jumanne maji yalikuja, nikaosha kifuniko,
zambarau ikateremka karoni.
Ninachojua ni kwamba usiku ule
ua lilikuwa na mizunguko mitano,
na asubuhi, kabla hajabisha, nikaongeza wa sita.
Usiniulize kwa nini.
Gundi ilikuwa imebaki.